Hata Lini? Zaburi ya 40 Ndani ya Albamu ya "War"

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Somo la wiki hii ni Zaburi ya 40 yote, na pamoja nayo tunasikiliza "War", albamu ya mwaka 1983 ya U2, bendi ya roki kutoka Dublin, Ireland. Ina nyimbo 10. Watatu kati ya wanabendi wanne, Bono, The Edge na Larry Mullen, walipitia kikundi cha Kikristo kilichoitwa Shalom, kwa hiyo Maandiko hayakuja kwao kama pambo.

Albamu inafunguka kwa kilio. "Sunday Bloody Sunday" inakumbusha Derry, mji wa Ireland ya Kaskazini, 30 Januari 1972, askari wa Uingereza walipowapiga risasi raia wasio na silaha, 13 wakafa siku hiyo hiyo. Ngoma inapigwa kama ya gwaride, fidla ya umeme inalia juu yake, na mwimbaji anauliza tutauimba wimbo huu hata lini. Daudi aliuliza vivyo hivyo katika Zaburi 6:3: "Na Wewe, BWANA, hata lini?"

Mwenye santuri huliona jambo ambalo msikilizaji wa simu hulikosa. Upande wa kwanza unafungwa na "Drowning Man", wimbo wa anayezama, uliobeba maneno ya Isaya 40:31 kuhusu mbawa za tai na kupiga mbio bila kuchoka. Upande wa pili unafungwa na wimbo uitwao "40", yaani Zaburi yetu. Sura ya 40 huku, sura ya 40 kule! Ukiruhusu simu ichanganye nyimbo, mpangilio huo unapotea.

"40" ulirekodiwa saa za mwisho kabisa studioni. Adam Clayton, mpiga besi, alikuwa ameshaondoka, The Edge akalishika besi yeye. Wimbo wote umeegemea besi hilo. Spika ndogo ya simu haitoi sauti nzito, ndiyo maana wengine huusikia mwepesi na kuuacha. Tumieni spika kubwa, au vipokea sauti vya masikioni.

Maneno yake yanatoka aya ya 1 hadi 3: kungoja, shimo, udongo wa utelezi, mwamba, wimbo mpya. Kisha kinakuja kiitikio cha "hata lini", ambacho Zaburi ya 40 haina. Waamini wengine hukwazwa: ameshatolewa shimoni, anauliza nini tena? Kosa ni letu, tunaosoma aya tatu za ushuhuda na kufunga Biblia. Endelea hadi aya ya 12, mabaya yasiyo na hesabu yamemzunguka tena mtu yule yule aliyesimamishwa mwambani. Na neno la mwisho la Zaburi, aya ya 17, ni "usikawie". Kiitikio kimeisoma Zaburi kuliko sisi.

Kwenye vikundi, someni aya 1 hadi 3, pigeni wimbo wa kwanza, kaeni kimya dakika 2, someni aya 4 hadi 17, kisha "40". Jukwaani wanabendi walikuwa wakiondoka mmoja mmoja, mpiga ngoma akibaki wa mwisho, na watu wakiendelea kuimba wenyewe. Kwa hiyo, mwongozaji, usiudakie wimbo kwa mahubiri. Waache waimbe "hata lini" mpaka wanyamaze.