Kabla ya kuajiri afisa habari mwingine, tazama kazi zinaingilia wapi

Afisa habari akiacha kazi, vyuo vingi hukimbilia kutangaza nafasi. Anakuja kijana mwenye kamera na nguvu mpya, kisha naye anaondoka. Kinachowachosha bado kiko palepale: kila mkuu wa idara anaweza kuleta kazi, na hakuna mwenye mamlaka ya kusema "hii hapana".

Kwenye vyuo vya Tanzania mzigo wenyewe hauji taratibu. Julai pekee ina Sabasaba, maonesho ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) pale Mnazi Mmoja na dirisha la udahili. Agosti ni Nanenane. Wakifika wa mwaka wa kwanza, maswali ya mikopo yanamiminika kwenye kurasa za chuo (mikopo ni ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, lakini anayetukanwa ni anayejibu meseji), na kabla hayajaisha mahafali yamefika.

Shirika la Afya Duniani linataja dalili tatu za uchovu wa kazi uliopitiliza: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na ufanisi kushuka. Ofisini ile ya pili ndiyo rahisi kuiona. Afisa anachukua taarifa ya mwaka jana, anabadilisha tarehe, anatuma.

Anza na fomu ya ukurasa mmoja: nani anaomba, tukio gani, walengwa, tarehe ya mwisho, nani anathibitisha maelezo. Bango lipewe siku 5 za kazi, video 10. Rasimu isomwe na watu wawili tu, mwenye taarifa na mkuu wa kitengo cha habari. Ikipita mezani kwa watano inarudi saa kumi na moja jioni ikiwa na maneno "itoke leo". Dharura itoke kwa Makamu Mkuu wa Chuo, apigiwe mkuu wa kitengo, siyo afisa. Utaratibu huu hufa wiki ya kwanza profesa mmoja anapotuma ombi WhatsApp na kukubaliwa kwa kuonewa haya, kwa hiyo waraka wake usainiwe na Makamu Mkuu mwenyewe.

Kuhusu saa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki. Za ziada zisizidi 50 katika kila wiki nne, na zilipwe angalau mara moja na nusu. Kuhariri picha za mahafali nyumbani usiku ni kazi pia, na ndizo saa zisizoandikwa popote. Aliyeshika zamu ya Jumamosi apewe siku ya mapumziko wiki inayofuata, kwa maandishi. Ahadi ya mdomo huliwa na tukio linalofuata.

Ngazi ya vyeo ni tatizo gumu zaidi, na kitengo peke yake hakiliwezi. Mhadhiri anajua machapisho yanampeleka wapi; mpiga picha wa chuo hajui.

Mtu akiondoka hata hivyo, maumivu makubwa huwa kwenye laini ya simu. Ikiwa imesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, namba za uthibitisho za kurasa za chuo zitaendelea kumfuata yeye. Sajili laini kwa jina la taasisi, weka wasimamizi wawili kwa kila ukurasa, na picha zikae kwenye hifadhi ya chuo, siyo kwenye diski iliyo ndani ya begi lake. Hayo yakaguliwe kila robo mwaka, wakati bado hakuna aliyeandika barua ya kuacha kazi.