Nguzo ya Baraza Inapotitia

Mtwara, mvua zikielekea mwisho

Leo nimeshinda nikiiwaza EI, ule ugumu wa boriti dhidi ya kupinda. Katika hesabu za darasani hufutika mapema, ndiyo maana wengi huisahau. Kwenye mchanga wetu wa pwani hairuhusiwi kusahauliwa.

Chukua boriti ya zege ya baraza la ghala la korosho. Upande mmoja, ukutani, imeshikwa imara na fremu ya jengo, upande wa pili imekaa juu ya nguzo. Urefu (L) ni mita 5, mzigo (w) 12 kN, yaani kilonyutoni, kwa kila mita, humo 2.6 kN ikiwa uzito wa boriti yenyewe ya milimita 230 kwa 450. Visivyojulikana ni vitatu: mjibizo wa nguzo, yaani nguvu inayoirudishia boriti, mjibizo wa ukutani na momenti ya ukutani, yaani nguvu ya kupinda pale. Milinganyo ya msawazo, ile ya boriti kutulia bila kwenda wala kuzunguka, ni miwili tu.

Mlinganyo uliopungua tunaupata kwenye nishati. Carlo Alberto Castigliano, mhandisi wa Italia, aliuonyesha katika tasnifu yake ya 1873: derivativu (kasi ya kubadilika) ya nishati ya mkunjo, ile boriti inayoihifadhi ikipinda, kwa nguvu fulani ni usogeo wa mahali nguvu hiyo iliposhika. Nguzo isiposogea, derivativu ni sifuri.

Basi ondoa nguzo, weka mjibizo wake, R, ukisukuma juu, upime x kutoka kwenye nguzo kwenda ukutani. Momenti ni Rx − wx²/2. Nishati ni intigrali ya momenti kipeo cha pili juu ya 2EI, lakini usihangaike kuipandisha kipeo hicho. Izidishe moja kwa moja na derivativu yake kwa R, yaani x, kisha tafuta intigrali kutoka 0 hadi L. EI iliyo chini inafutika, kwa kuwa upande wa pili ni sifuri. Unapata RL³/3 − wL⁴/8 = 0, kwa hiyo R = 3wL/8 = 22.5 kN. Ukutani inabaki 37.5 kN, na momenti 37.5 kNm.

Ukipima x kutoka ukutani, momenti inabeba majibizo ya ukutani ambayo yenyewe yana R ndani yake. Usipoyaandika kwanza kwa R, derivativu inatoka pungufu. Na hapa ndipo wengi wanajidanganya: wanajumlisha 22.5 na 37.5, wanapata 60, wanafunga daftari. Jumla hiyo itakubali hata R ikiwa ya uongo, kwa sababu mjibizo wa ukutani umetokana na R hiyo hiyo. Hakiki ya kweli ni kurudia kazi ukichukua momenti ya ukutani kuwa ndiyo isiyojulikana, kwa sharti kwamba boriti haizunguki pale ukutani. Ikitoka tena 37.5 kNm, uko salama.

Sasa nguzo ititie milimita 10, tuuite mtitio huo δ. Hicho ni kiasi kidogo: maji ya bati yakidondokea kwenye kitako cha nguzo msimu mzima bila mfereji, mchanga unahama. Derivativu si sifuri tena, ni −δ, na R = 3wL/8 − 3EIδ/L³. EI imerudi. Kwa E, ugumu wa zege lenyewe, ya 25 GPa na zege lisilo na ufa, EI ni karibu 43,700 kNm². R inashuka hadi kama 12 kN, na momenti ya ukutani inapanda kutoka 37.5 hadi karibu 90 kNm. Zege likipasuka, ugumu ukabaki nusu, momenti ni kama 64. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuiachia nambari moja ya EI iliyonakiliwa kutoka kitabuni. Mimi naona ni lazima kukokotoa zote mbili.

Nondo za juu pale ukutani zipangwe kwa hali ya nguzo kutitia. Za chini katikati zisipunguzwe kwa sababu hiyo: nguzo ikisimama imara, momenti ya katikati ni R²/2w, yaani 21 kNm, wakati ikititia inashuka hadi 6. Na kama boriti imelazwa tu juu ya ukuta wa matofali, bila fremu ya kuishika, hesabu yote hii haiihusu. Hiyo ni boriti ya maegemeo mawili: nguzo inabeba 30 kN, katikati 37.5 kNm, na nguzo ikititia milimita 10 boriti inainama kidogo tu, momenti haibadiliki.