Saa ya Dhahabu na Giza la Kibirizi

Mwaka 2019 nilikuwa tayari nakusanya saa za mkono, nyingi zikiwa Seiko za miaka ya sabini ambazo wafanyakazi wa reli na bandari walizivaa enzi zao, kisha zikaishia kwenye droo za wajukuu. Bei zake nilizimudu kwa faida ya dagaa, na zikiharibika nilikuwa na fundi wangu pale Mwanga, hapa Kigoma. Halafu nikaambiwa kuna daktari mstaafu kule Bangwe anauza saa moja kwa shilingi milioni 18.

Mzee huyu alisomea Ujerumani, akafanya kazi huko miaka mingi, akarudi kujenga juu ya Ziwa Tanganyika. Saa yenyewe ilikuwa Da Vinci ya dhahabu ya kiwanda cha IWC, toleo lenye kronografu, yaani mshale wa kupima muda unaoanzishwa na kusimamishwa kwa kubonyeza, na kalenda ya kudumu, lililotoka mwaka 1985. Nilikuwa nimesoma habari zake kwa muda mrefu kabla ya kuishika. Fundi wa kiwanda hicho kule Schaffhausen, Uswisi, anayeitwa Kurt Klaus, ndiye aliyeunda kalenda yake. Inajua yenyewe kwamba Aprili ina siku 30, Februari ina 28, na kwamba kwenye mwaka mrefu Februari inafika 29. Ndani yake kuna gurudumu linalozunguka mara moja tu kwa miaka minne, limechongwa mapengo ya vina tofauti. Kijimkono cha chuma kinagusa pengo la mwezi husika, na kina cha pengo hilo ndicho kinachoamua tarehe iruke kwa kiasi gani mwezi unapoisha. Hakuna betri. Ni springi na meno. Ukiitunza isisimame, hutagusa tarehe yake mpaka tarehe 1 Machi 2100, kwa kuwa mwaka 2100 unagawanyika kwa nne lakini si mwaka mrefu. Usoni inaandika hata mwaka, tarakimu zote nne. Nilipoisoma 2019 kwenye kile kidirisha, mikono ilinitetemeka.

Kilichonivuta zaidi, hata hivyo, kilikuwa dirisha la mwezi wa angani. Sisi wa dagaa tunaishi kwa mwezi. Wavuvi huingia ziwani wakati wa giza, wakawasha taa juu ya maji, na dagaa wakapanda kuufuata mwanga. Ikifika mbalamwezi, taa hazina kazi, mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, na sisi wanunuzi tunahesabu siku. Mkopo wangu, mishahara ya wanawake wanaoanika, magunia ya kupeleka Dar kwa treni, vyote vinafuata giza na mbalamwezi. Saa nyingi zenye dirisha la mwezi hutumia gurudumu la meno 59, yaani mizunguko miwili ya siku 29 na nusu. Mzunguko halisi unazidi hapo kidogo, kwa hiyo zinakosea siku moja katika muda usiofika miaka mitatu. Da Vinci hukosea siku moja katika miaka 122. Niliona saa iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu kama mimi, ingawa najua walioitengeneza hawakuwahi kusikia habari za Kibirizi, mwalo wetu wa dagaa.

Mzee aliniruhusu niichunguze jioni nzima. Ilikuwa Jumatano, tarehe 28 Agosti. Saa ilisema Jumatano, 28, Agosti, 2019. Sahihi kabisa. Nikabonyeza kronografu, mshale ukaanza, ukasimama, ukarudi sifuri bila kusita. Nikatazama mwezi. Ulikuwa mpevu, duara zima la dhahabu.

Mara ya kwanza macho yangu yalipita tu. Mtu anapopenda kitu huona anachotaka kuona. Nikaaga, nikapitia mwalo wa Kibirizi kumlipa nahodha mmoja deni lake. Mitumbwi ilikuwa inatoka, yote, injini zinanguruma moja baada ya nyingine.

“Kaka, leo mnatoka wote?” nikamwuliza.

“Tusitoke giza limeiva hivi?” akanijibu. “Mwezi utaandama Jumamosi au Jumapili.”

Nikasimama pale na bahasha ya pesa mkononi. Giza lilikuwa limeiva, na saa ya mzee inaonyesha mwezi mpevu. Mbalamwezi ilikuwa imepita kama majuma mawili nyuma, siku chache baada ya Idd ya kuchinja.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo lilininyima usingizi. Katika saa nyingi za kalenda ya kudumu, tarehe, siku, mwezi wa mwaka na mwezi wa angani kila kimoja kina kitufe chake kidogo ubavuni, na mtu anaweza kukikosea kimoja akapatia vingine. Klaus aliviunganisha vyote. Unavuta ufunguo, unazungusha, tarehe inasogea na vingine vyote vinaifuata. Tena vinaenda mbele tu. Ukipitiliza, unaisimamisha saa na kusubiri siku zenyewe zikukute. Kwa hiyo tarehe ikiwa sahihi, mwezi nao lazima uwe sahihi. Haviwezi kuachana vyenyewe. Vikiachana kwa nusu mzunguko, mtu ameifungua ile kalenda, akaitoa gurudumu kwa gurudumu, na alipoirudisha hakujua mwezi ukae wapi, au hakujali.

Kosa la mwezi lenyewe linarekebishika. Lililonitisha ni kile ambacho mtu huyohuyo alikuwa ameacha mahali nisipopaona: skrubu iliyokazwa kwa nguvu, mafuta ya aina isiyofaa, kijimkono kilichopinda. Nilimwonyesha picha fundi wangu wa Mwanga, mtu mwenye mkono mtulivu kuliko wote ninaowajua. Akaziangalia kwa muda, akasema, “Kaka, hii sitii bisibisi yangu.” Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo. Rafiki yangu wa Dar, mkusanyaji pia, alisisitiza ninunue haraka kwa kuwa dhahabu peke yake inarudisha sehemu nzuri ya pesa. Sikukubaliana naye na sikubaliani naye hadi leo. Anayetaka dhahabu aende kwa sonara.

Mke wangu aliuliza swali moja tu. “Baba Neema, hiyo si boti na injini yake?” Nikamwambia ndiyo, ni boti na injini yake. Hatukugombana. Tulikubaliana kwamba mtaji wa dagaa hautaguswa, na kwamba sitanunua saa inayosema uongo kuhusu mwezi.

Nikarudi Bangwe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umeamua?”

“Mzee, hii saa imewahi kufunguliwa?”

Akafikiri. Iliwahi kusimama, akasema, miaka ya nyuma akiwa bado nje, akaipeleka kwa fundi mmoja wa mtaani huko, ikatembea, akashukuru. Nikamweleza kuhusu mwezi. Akatoka nayo barazani akaitazama kwenye mwanga. “Miaka yote hii natazama saa na tarehe,” akasema. “Mwezi niliuona pambo.” Niliona imemuuma kweli, kwa sababu alikuwa ameniambia kwa nia safi kwamba saa ni nzima.

Nikamwambia siombi punguzo. Naomba ipelekwe kwa waliotengeneza, ifunguliwe yote, isafishwe, na ije na karatasi inayosema walichokuta. Ikirudi mwezi ukiwa mahali pake, naichukua. Mzee alinyamaza kidogo, akasema gharama ya fundi itakuwa juu yake na bei itabaki ileile. Tukapeana mikono.

Mwanawe aliyeko Ujerumani aliichukua alipokuja likizo ya Krismasi. Kisha korona ikaingia, safari zikafungwa, na ziwa likapanda mwaka huo mpaka watu wakahama kando ya maji. Kuna miezi niliamini sitaiona tena, na miezi mingine nilishukuru kwamba sikuwa nimelipa. Ilirudi Desemba 2020. Karatasi ilisema vipande kadhaa vya kalenda vilikuwa vimelika na vimebadilishwa. Nilikaa nayo barazani kwa mzee, nikalinganisha dirisha na anga, nikapiga simu Kibirizi kuuliza kama watu wametoka.

Niliuza kronografu zangu mbili kwa yule rafiki wa Dar na kumpa mzee nusu ya kwanza siku hiyohiyo. Seiko za reli sikuzigusa. Nusu ya pili nilimpelekea baada ya giza la Januari, maana dagaa walipatikana vizuri.