Madaktari Weusi wa Marekani na Wanafunzi Wao
Mwaka 1895, mjini Atlanta, madaktari Weusi wa Marekani, ambao vyama vingi vya udaktari vya Weupe viliwakatalia uanachama, walianzisha National Medical Association, na rais wake wa kwanza akawa Robert F. Boyd wa Nashville. Pigo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilifuata ripoti ya Flexner ya 1910, iliyotathmini vyuo vya udaktari vya Marekani, kwa kuwa kati ya vyuo saba vya udaktari vya Weusi vilisalia viwili tu, Howard na Meharry. Humo ndimo walimotoka wanafunzi walioanzisha chama chao, Student National Medical Association, mwaka 1964, ambacho hadi leo huwalea vijana wa sekondari wanaotamani udaktari na kupeleka elimu ya afya katika jamii zisizohudumiwa vya kutosha. American Medical Association, chama kikubwa cha madaktari wa Marekani, iliomba radhi kwa ubaguzi wake dhidi ya madaktari Weusi mwaka 2008, ikiwa imechelewa mno.