Siku moja ya fundi wa mabwawa ya kuogelea: maji meupe Mbezi Beach

Saa 11 alfajiri

Naamka nyumbani Tegeta. Ni Jumatatu ya masika na mvua imepiga usiku kucha. Mvua ya usiku kwangu ni kazi ya mchana: majani ya miarobaini, vumbi la mapaa na udongo wa bustani vyote vinaishia bwawani. Nakagua begi. Vichupa vya kupimia klorini na pH (kipimo cha uasidi wa maji) vimo, spana zimo, oringi na gaskiti ya valvu (mipira ya kuzuia maji yasivuje), geji ya presha ya akiba, kikopo cha grisi ya silikoni. Grisi ya gari siigusi kwenye kazi hii, maana mafuta yake huvimbisha mipira, na mpira ukivimba valvu inaanza kuvujisha.

Saa 12:30 asubuhi

Bwawa la kwanza liko Mikocheni, kwenye nyumba za kupangisha. Nikitoka na pikipiki mapema naiwahi foleni ya Barabara ya Bagamoyo kabla haijafunga. Hapa kazi ni ya kila wiki na haina makuu: natoa majani kwa wavu, nasafisha kikapu cha pampu, napiga brashi kuta, napima maji. Klorini miligramu 2 kwa lita, pH 7.4. Safi.

Msimamizi ananiuliza kama leo tunaosha mchanga wa chujio, lile tangi ambalo pampu inapitishia maji ya bwawa ili mchanga wake unase uchafu. Geji ya chujio inasoma bar 0.9, na mchanga ukiwa msafi huwa inasoma 0.7. Namwambia bado. Tunasubiri ipande bar 0.5 hivi juu ya kile kipimo cha usafi, ndipo tuoshe. Wengi hawaliamini hili, kwamba mchanga wenye uchafu kidogo huchuja vizuri kuliko ule uliooshwa sasa hivi. Mchanga mtupu unakamata chembe za mikroni 20 hadi 40 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Uchafu unaobaki katikati ya punje ndio unaozibana zile nafasi, na chembe ndogo zaidi zikaanza kunaswa. Anayeosha kila siku anaitupa kinga hiyo kila siku, pamoja na mamia ya lita za maji.

Saa 3 asubuhi

Hii ndiyo kazi iliyonitoa nyumbani leo. Nyumba iko Mbezi Beach, bwawa la mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita 1.5, yaani lita 75,000. Jumamosi palikuwa na sherehe ya mtoto, Jumapili mvua. Nafika na kukuta maji meupe, kama maji yaliyooshea mchele. Upande wa kina kifupi ngazi ya pili haionekani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Nimemwaga dawa mpaka basi. Jana kopo zima la klorini, na juzi yule kijana mwingine alitia shabu. Hakuna kitu. Sasa nitie nini?"

"Mama, leo hatutii kitu kwanza. Tuulize mchanga."

Napima. Klorini imepita 5. pH ni 8.2. Maji ya nyumba hii ni ya kisima kirefu, magumu, yamejaa chokaa, na klorini ya chengachenga inayouzwa madukani inaongeza chokaa nyingine juu yake. pH ikipanda namna hiyo, chokaa haikai tena ndani ya maji. Inajitenga na kuwa unga mweupe unaoelea. Ndiyo maana kila kopo alilomwaga liliongeza weupe badala ya kuuondoa. Tena kwenye pH 8.2 klorini yenye nguvu ya kuua vijidudu ni chini ya robo ya ile iliyomo, wakati kwenye 7.5 ni karibu nusu. Anamwaga pesa, na nyingi inalala bure.

Lakini hata hivyo unga ule ulipaswa kunaswa na chujio. Klorini inaua, haizoi. Wa kuzoa ni mchanga. Kwa hiyo swali langu ni kwa nini mchanga hauzoi.

Naenda kwenye kibanda cha pampu. Geji inasoma bar 0.6, presha ya chini kabisa kwa chujio linalopitisha maji machafu kiasi hiki. Mtu mwingine angefurahi, mimi nashtuka. Nazima pampu, nageuza mpini wa valvu, ile inayochagua maji yapite wapi, kwenda kwenye kuosha, nawasha tena. (Mpini ule haugeuzwi pampu ikiwa inazunguka, hata kwa sekunde moja. Gaskiti ya ndani huchanika, na baada ya hapo maji machafu yanapenya pembeni na kurudi bwawani bila kuugusa mchanga.) Maji sasa yanaingia kwa chini na kutokea juu, na uchafu unapaswa kuonekana kwenye kile kioo kidogo ukitoka. Kwenye kioo yanatoka maji ya kahawia kwa sekunde chache tu, kisha yanakuwa sawasawa na ya bwawani. Chujio lililobeba uchafu wa sherehe na mvua haliwezi kusafika kwa sekunde chache. Maji yamejipatia njia yao humo ndani.

Saa 4:30

Nafungua. Kwanza nakata umeme kabisa, siyo kuzima swichi ya pampu peke yake. Kisha nafungua kijikoki cha hewa mpaka geji isome sifuri. Tangi lenye presha likifunguliwa linaweza kurusha kifuniko na kuua mtu, kwa hiyo kijana ninayemfundisha kazi simruhusu aguse bolti hata moja kabla hajanisomea geji kwa sauti.

Tunatoa valvu, namulika tochi. Mchanga una ukoko mweupe juu, mgumu mpaka kidole hakizami, na pembeni kuna shimo linaloshuka hadi chini. Njia yenyewe ndiyo hiyo. Maji yalikuwa yanapita hapo kama ilivyokuwa rahisi kwao, na mchanga uliobaki ulikuwa umekaa tu. Nachimbua kwa mkono, natoa mabonge. Ni chokaa, mafuta ya kujipaka ya waogeleaji, na ile shabu ya juzi.

Shabu si adui. Bibi zetu walisafishia maji ya mtungi kwa shabu, na kwenye bwawa inafanya kazi ileile: inakusanya chembe ndogo ziwe mabonge mazito yazame. Ila baada ya kuitia, pampu huzimwa, maji yanatulizwa usiku mzima, na asubuhi yale mabonge yanafyonzwa taratibu kutoka sakafuni na kumwagwa nje moja kwa moja, valvu ikiwa kwenye kumwaga. Hapa ilitiwa pampu ikiwa inachuja, ikaenda yote kwenye mchanga na kuufunga.

Mama amesimama mlangoni anaangalia. Ananiuliza kama haiwezekani kuuosha huu huu. Namweleza ukweli: mchanga mzuri hukaa miaka 5 hadi 7, wakati mwingine zaidi, na ungekuwa laini ningeuvurugavuruga na kuuosha. Huu umeshikana. Anauliza tena, "Si tuchukue wa ufukweni hapo? Bahari iko karibu." Naelewa kwa nini anauliza, gharama ni yake. Lakini mchanga wa ufukweni una vipande vya kombe, na kombe ni chokaa tupu, tunayoikimbia. Punje zake pia hazilingani. Nyembamba zitapenya kurudi bwawani, nene zitaacha mianya. Chujio linataka mchanga wa silika uliochekechwa, punje za karibu nusu milimita, zenye kona kali. Anakubali. Nampigia mwenye duka, kijana anaondoka na kirikuu kufuata mifuko 6 ya kilo 25.

Saa 5:30

Kutoa mchanga uliolowa wa tangi kwa kikopo ni kazi ya mgongo. Sitaieleza sana. Chini kabisa kuna vile vijibomba vyenye nyufa nyembamba vinavyopokea maji safi. Vyote 8 navikagua kimoja kimoja kwa vidole, na navisugua kwa brashi laini na maji yenye asidi kidogo kutoa chokaa. Hakuna kilichopasuka. Hapo nashukuru, kwa sababu kutafuta vya saizi yake huweza kula siku nzima.

Saa 7 mchana

Swala, kisha wali maharage kwa mama ntilie aliye kwenye kona, na dagaa wa kukaanga pembeni.

Saa 8

Kujaza. Kwanza tunatia maji nusu ya tangi, ili mchanga unapoanguka usivunje vijibomba. Bomba la katikati nalifunika mdomo kwa mfuko na utepe. Punje zikiingia humo, zitatokea bwawani. Kijana anamimina, mimi nashikilia bomba lisilale. Mifuko 6 inaingia. Nafuta shingo ya tangi hadi ing'ae, maana hata punje moja chini ya oringi ni uvujaji, napaka silikoni, tunafunga.

Mchanga mpya hauendi moja kwa moja kwenye kuchuja. Tunauosha kwanza mpaka kioo kiwe angavu, dakika 3 na kidogo. Pampu hii inasukuma mita za ujazo 14 kwa saa, kwa hiyo dakika 3 ni lita 700. Maji hayo tumeyaelekeza kwenye shimo la nyumba, siyo barabarani kwa majirani. Zima, geuza kwenye kusuuza, nusu dakika ili mchanga ulale vizuri. Zima tena, geuza kwenye kuchuja. Geji: bar 0.7. Nachukua kalamu ya wino mzito na kuandika namba hiyo juu ya tangi. Kila bwawa ninaloshika lina namba yake imeandikwa hivyo. Bila hiyo, geji haimwambii mtu kitu.

Saa 9:30 alasiri

Sasa ndiyo zamu ya dawa. Lita 1 ya asidi, nayo naimimina ndani ya ndoo yenye maji, kamwe siyo maji juu ya asidi. Mfuko wa klorini umekaa mbali, nje ya kibanda. Hivyo viwili vikikutana vinatoa gesi inayochoma mapafu. Nazunguka nikimwaga taratibu upande wa kina kirefu. Nyingine nitaongeza kesho baada ya kupima, pH inashushwa hatua kwa hatua. Klorini siongezi, iliyopo inatosha na kuzidi.

"Kwa hiyo jioni yatakuwa safi?" mama anauliza.

Namfanyia hesabu pale pale. Lita 75,000 kwa pampu ya lita 14,000 kwa saa ni saa 5 na dakika 20. Lakini maji yaliyochujwa yanarudi na kuchanganyika na machafu, kwa hiyo mzunguko mmoja unagusa karibu theluthi mbili tu. Mpaka karibu maji yote yawe yamepita kwenye mchanga inahitajika mizunguko 4, yaani karibu saa 22 bila kuzima. Na punje mpya hazinasi kila kitu kwa mara moja. Nikamwambia siku mbili. Ningeweza kuharakisha kwa shabu, kwa njia yake sahihi, lakini kufyonza na kumwaga kungetutoa maelfu ya lita, halafu tujaze tena maji yaleyale magumu ya kisima.

Saa 10

Watoto wanarudi kutoka shule. Mdogo, wa miaka kama 6, anakuja mbio mpaka ukingoni, begi bado mgongoni. "Anko shikamoo. Tunaweza kuogelea?"

Hapana. Namwita mama, dada wa kazi na mlinzi, nawasimamisha wote upande wa kina kirefu. Nawaambia watafute kile kifuniko cha tundu la chini kabisa la bwawa. Hakionekani. Basi kanuni ni hiyo: mpaka kila mmoja wenu akisimama hapa akione wazi, haingii mtu. Siyo kwa sababu ya macho kuwasha. Mtoto akizama kwenye maji haya, mtu aliye hatua mbili hatamwona. Hata mkubwa anayejua kuogelea ataingia kumtafuta kwa kupapasa, na kwa mtoto dakika hizo ni nyingi mno. Nasema hivi kila nyumba na sijali kama naonekana mkali. Mlinzi anafunga kamba kwenye lango la bwawa.

Saa 11:15 jioni

Foleni. Nikiwa nimesimama kwa mafuta, simu inaingia kutoka Kigamboni, msimamizi wa nyumba ya wageni: kuna mchanga sakafuni mwa bwawa, chini ya tundu la maji yanayorudi. Huo ni mchanga wa chujio, kijibomba kimepasuka au bomba la katikati lina ufa. Namwambia azime pampu, asioshe, asiguse valvu, wageni wasiingie. Anipigie picha ya kibandiko cha tangi ili nijue saizi.

Saa 2 usiku

Mlinzi wa Mbezi Beach ananitumia picha ya geji kama nilivyomwomba: bar 0.9. Imepanda 0.2 kwa saa chache, na nimefurahi kuliko chochote cha leo, maana sasa mchanga unakamata. Namwandikia aache pampu izunguke. Ikifika 1.2 kabla sijaja, azime na kunipigia, hata kama ni usiku wa manane. Saa 12 asubuhi nitakuwa pale na brashi na vichupa vyangu. Kigamboni ni baada ya hapo, nikishapata vijibomba.