Dakika 130

Tulianza saa 3 kamili asubuhi, jua likiwaka na mto ukiwa umetulia. Zoezi la mafuriko hufanywa kiangazi, watu wakiwa na nafasi ya kukosea bila kufa. Wajitoleaji tulikuwa 14, na kaya 42 za kuhamisha kutoka kando ya mto hadi shule iliyo juu ya kilima, mwendo wa kilomita moja na nusu. Mimi nilishika saa na daftari.

Upande wa juu wa mto kulikuwa na nguzo ya kupimia maji, imepakwa kijani, njano na nyekundu. Wazee waliokumbuka mafuriko ya zamani walikadiria kwamba maji yakigusa nyekundu kule, huku chini zimebaki kama dakika 90 kabla ya kufika barabarani. Na si lazima yajae. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 yanaweza kusukuma gari dogo.

Kipaza sauti kiligoma dakika ya kwanza. Betri ziliachwa ndani tangu zoezi la mwaka uliotangulia, zikavuja na kula vyuma vya ndani. (Tangu siku hiyo betri zetu hukaa kwenye mfuko wake, pembeni ya kifaa.) Tukabaki na filimbi. Nyumba ya saba nilimkuta mzee ametulia barazani.

"Shikamoo mzee. Filimbi hujaisikia?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeisikia vizuri. Ila sijui inaniambia nini."

Alikuwa na haki. Milio mitatu mirefu maana yake ni ondokeni. Hilo tulikubaliana sisi kwa sisi kikaoni, na hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaeleza wenye kuondoka.

Kilichotuangusha hasa ni machela. Kwenye orodha tulikuwa na watu watatu wasioweza kutembea. Tulipanga wabebaji wanne kwa kila mmoja, yaani watu 12 kati ya 14, wakabaki wawili wa kugonga milango yote. Tena wanne hawatoshi. Ukimbeba mtu mzima kupandisha kilima, kila baada ya mita mia hivi viganja vinaanza kuteleza na lazima umtue. Wanatakiwa sita, wawili wakitembea kando mikono mitupu, wakipokezana bila kumtua mgonjwa. Machela moja tuliitengeneza kwa blanketi na miti miwili. Mkunjo wa blanketi ulikuwa mwembamba, ukaanza kufunguka njiani. Blanketi hukunjwa mara tatu, mti wa pili ukiwa katikati ya mkunjo, ili uzito wa mtu wenyewe ulikaze.

Mtu wa mwisho aliingia uwanja wa shule nikiwa nimeandika dakika 130. Nilirudia kuhesabu, nikitamani nimekosea. Dakika 40 zilizozidi ni watu waliokuwa bado njiani, na wengi wao walikuwa wale wa machela na waliowabeba.

Shuleni mambo yalikwenda vizuri zaidi. Maji ya dumu la lita 20 yalitiwa klorini ya kufulia isiyo na manukato, ya asilimia 5: matone 2 kwa lita, yaani mililita 2 kwa dumu zima, tukapima kwa bomba la sindano jipya badala ya kuhesabu matone 40. Tukayaacha dakika 30. Maji yakiwa na tope huchujwa kwanza kwa kitambaa.

Jioni ile tulibadilisha jambo moja kubwa: asiyeweza kutembea, mjamzito wa miezi ya mwisho na mwenye watoto wadogo wengi wanaondoka kwenye njano. Nyekundu ikabaki kwa wenye miguu yao. Kila machela ikaandikiwa majina sita, yakiwemo ya majirani, na maana ya filimbi ikapelekwa mlango kwa mlango.

Wiki tatu baadaye tulirudia. Kuanzia nyekundu hadi mtu wa mwisho, dakika 71. Ila daftarini walipungua wawili, tukawatafuta karibu saa nzima. Walikuwa wamekwenda kwa ndugu zao ng'ambo ya kilima, salama kabisa, bila kumwambia mtu. Tukaongeza safu moja kwenye orodha ya kila kaya: "Msipokuja shuleni, mtakuwa wapi?"