Fulana Nyekundu

Mwaka 2013 nilikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma, nikisomea ualimu. Jumamosi moja ya mwezi wa tisa nilishuka mjini, soko la Majengo, kununua mahitaji ya wiki. Zabibu zilikuwa zimeiva, makreti yamejaa kila njia, na ule upepo wetu wa kiangazi ulikuwa unapeperusha vumbi mpaka unalisikia menoni. Nilivaa shati jeupe. Simu nilikuwa nimeitia mfuko wa kifuani, jambo ambalo mama alinikanya tangu niko sekondari.

Niliinama kuchagua nyanya. Nikahisi kitu chepesi kifuani, kama mtu anakupangusa vumbi. Kuinuka, mfuko mtupu. Nikageuka, nikaona mgongo unapotelea katikati ya meza za mchicha. Mgongo tu, tena kwa kufumba na kufumbua. Lau mtu angeniuliza pale pale amevaa nguo ya rangi gani, ningesema sijui.

Sikuulizwa hivyo. Nilipopiga ukelele wa mwizi, dada mmoja muuza vitunguu akadakia, "Si yule wa fulana nyekundu?"

"Ndiyo! Huyo huyo!"

Sikudanganya. Naomba niaminiwe hapo, maana ndicho kilichonifanya niandike haya. Ule mgongo usio na rangi ulivaa nyekundu kichwani mwangu papo hapo, nikauona unakimbia na fulana yake.

Wakamkamata kijana wa rika langu kando ya guta, anashusha makreti ya zabibu. Kofi la kwanza, la pili, kisha ngumi. Mdomo ukapasuka. Akanitazama mimi, si waliokuwa wanampiga. "Kaka, niangalie vizuri. Ni mimi kweli?"

Nikamwangalia vizuri. Nikasema, "Ni wewe."

Nyuma yangu mtu akauliza tairi liko wapi. Aliyekulia mitaa yetu anajua tairi huulizwa kwa kazi gani. Nililisikia swali lile, na nilikaa kimya.

Mzee mmoja muuza karanga akapenya katikati ya watu. Hakupaza sauti. Alimshika yule kijana viganja vyote viwili akavigeuza juu. Vilikuwa vya zambarau mpaka kwenye mikunjo ya vidole, vinanata kwa maji ya zabibu zilizopondeka, na vumbi limegandia juu yake. Halafu akanigeukia.

"Mwanangu, simu ilikuwa wapi?"

"Hapa mfukoni, mzee."

"Hebu vuta hilo shati tulione sote."

Nikalivuta. Jeupe pe. Mdomo wa mfuko hauna hata doa.

Watu waliondoka mmoja mmoja, bila neno. Simu haikupatikana. Kijana aliinama kuokota zabibu zilizomwagika, nami nilisimama pale nikitafuta cha kusema, nikakosa, nikapanda daladala kurudi chuo.

Miezi michache baadaye, kwenye somo la saikolojia, mwalimu alitueleza jaribio la Elizabeth Loftus na John Palmer, la Marekani, lililochapishwa 1974. Wanafunzi walionyeshwa filamu ya ajali ya magari. Kundi moja liliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana, jingine, yalipobamizana. Neno moja tu lilibadilishwa, na waliosikia neno zito walitaja mwendo mkubwa zaidi. Baada ya wiki wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la neno zito, 16 kati ya 50 walisema waliviona. Katika lile jingine, 7 kati ya 50. Kwenye filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika.

Wenzangu waliandika. Mimi kalamu ilinigoma. Nilikuwa namsikia dada wa vitunguu: *si yule wa fulana nyekundu?* Swali lake lilikuwa limebeba jibu ndani, nami nikalimeza zima, kisha nikalitoa kama ushahidi wangu. Naye hakuwa na nia mbaya. Alitaka kunisaidia.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Majengo. Nilimkuta kwenye guta lile lile, kovu dogo limebaki mdomoni. Nilimwomba radhi, maneno yanakuja kwa kukatikakatika. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, kama mtu aliyelibeba swali siku nyingi:

"Kaka, siku ile uliniona kweli, au ulitaka tu mtu wa kumshika?"

Nilitamani kumwambia sikumwona. Lingekuwa jibu jepesi kwetu wote wawili. Lakini hata pale, nikiwa nimeshajua kila kitu, nilipofumba macho mgongo ule ulikuwa bado unakimbia kati ya meza za mchicha, na fulana yake nyekundu.

"Nilikuona," nikamwambia.

Alitikisa kichwa taratibu, akashika kreti upande mmoja. Nikashika upande wa pili, tukalishusha.